Tiba ya Akili Ikae Karibu na Kijiji

Ugonjwa wa akili kijijini mara nyingi huanza kimyakimya. Mama aliyelemewa na sonona hafiki zahanati akasema ana huzuni. Husema kichwa kinamgonga, hapati usingizi, mwili hauna nguvu. Hupewa dawa ya maumivu, akarudi nyumbani na mzigo wake uleule. Kijana anayesikia sauti ambazo wenzake hawazisikii hupelekwa kwanza kwa mganga au kwenye maombi, na familia haistahili lawama kwa hilo. Mganga yuko jirani, anaijua lugha ya mgonjwa, na ana muda wa kumsikiliza.

Nchini Kenya, hospitali kuu ya magonjwa haya, Mathari, iko Nairobi tangu mwaka 1910. Kwa mkulima wa kaunti ya Makueni, safari ya kufika huko ni nauli ya watu wawili na siku nzima ya shamba, tena pengine na mgonjwa asiyetaka kupanda gari. Akipata nafuu hurudi na dawa za muda mfupi. Zikiisha, ugonjwa unarejea, na majirani wanaamini kwamba dawa za hospitali haziponyi. Baadhi ya wagonjwa huishia kufungwa mnyororo nyuma ya nyumba. Wanaowafunga ni watu wanaowapenda, wakihofia mgonjwa atapotea porini familia ikiwa shambani.

Makueni yenyewe imeonyesha njia. Shirika la Africa Mental Health Foundation, lililoanzishwa na Profesa David Ndetei, liliwakutanisha huko waganga wa jadi, viongozi wa maombi na wahudumu wa afya, likawafunza kutambua dalili na kumwelekeza mgonjwa kwenye kituo cha karibu. Mafunzo yalifuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, mhGAP, ulioandaliwa kwa wahudumu wasio mabingwa. Na kweli, si lazima awepo bingwa ili mgonjwa aendelee na tiba: sindano ya flufenazini, dawa ya wagonjwa kama yule kijana anayesikia sauti, ambayo nguvu yake hudumu wiki kadhaa, muuguzi wa kituo anaweza kuichoma.

Sheria nayo imelegea. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka Katiba. Familia zilizokuwa zikificha jaribio hilo kwa kuogopa polisi sasa zinaweza kutafuta msaada.

Kilichobaki ni dawa. Serikali za kaunti zitenge fedha ili dawa zisikosekane kituoni hata mwezi mmoja.