Nani Alitia Sahihi? Mfumo wa Kura na Wajibu wa Mtaalamu

(Haya ni maneno niliyotoa mbele ya Wakenya na majirani zetu wa Afrika Mashariki tulipokutana hapa Dubai Marina. Nimeyaandika ili na walio nyumbani wayasome.)

Najua wengi mlitarajia mtu wa kompyuta aje azungumzie mfumo wa kura, mkaletewa muuguzi. Nivumilieni.

Tuanze na Machi 2013. Kura zilipigwa tarehe 4, na kule Bomas of Kenya, kwenye skrini iliyotazamwa na nchi nzima, hesabu ya kura zilizokataliwa ikapanda mpaka kupita 300,000. Watu wakaulizana, je, Wakenya wamesahau kupiga kura? Baadaye Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ikaeleza kwamba programu ilikuwa ikizidisha hesabu hiyo mara nane. Mara nane! Fomu zilipojumlishwa kwa mkono, zilizokataliwa zikawa 108,975.

Msilichukulie kuwa jambo dogo. Uhuru Kenyatta alitangazwa mshindi kwa kura 6,173,433 kati ya 12,330,028, yaani asilimia 50.07, na ndani ya jumla hiyo kura zilizokataliwa zilikuwamo. Pigeni hesabu wenyewe: alivuka nusu kwa kura kama 8,400 tu. Lau zile 300,000 na ushei zingebaki katika jumla, kwa hesabu hiyo asingevuka, na tungekwenda duru ya pili kwa sababu ya kosa la programu. Ni kweli kwamba tarehe 30 Machi Mahakama ya Juu iliamua kura zilizokataliwa zisihesabiwe katika asilimia. Lakini siku zile za Bomas uamuzi huo haukuwapo, na damu ya 2007 na 2008 ilikuwa bado mbichi.

Kosa la namna hii ndilo linalotafutwa na jaribio rahisi kabisa. Chukua fomu ya mfano yenye kura 10 zilizokataliwa, ipitishe njia nzima kutoka kituoni hadi kwenye skrini. Ukiona 80, simamisha kazi. Hali kadhalika vile vifaa vya kutambua wapiga kura kwa alama za vidole, ambavyo betri zake zilizimika katika shule zisizo na umeme. Aliyewahi kukaa navyo kutwa katika shule ya kijijini angejua. Mahakama yenyewe ilisema mambo ya teknolojia yalivurugwa na ushindani wa wauzaji na mivutano ndani ya Tume. Wakubwa wakigombania zabuni, muda unaoliwa ni ule wa majaribio.

Wodini kwetu insulini haitolewi kwa jicho moja. Mimi nahesabu kipimo, mwenzangu anahesabu upya bila kuchungulia hesabu yangu, kisha sote wawili tunatia sahihi. Si kwamba siaminiki. Jicho lililokosea ndilo lisiloona kosa lake. Na daktari akiandika kipimo kisichofaa nina haki ya kukataa kukitoa, tena nina wajibu, maana nikitoa, leseni yangu ndiyo itakayojibu. "Niliamriwa" si kinga.

Na sisi wa hospitali tuna kisa chetu cha programu. Mashine ya mionzi iitwayo Therac-25, kati ya 1985 na 1987 huko Marekani na Kanada, iliwapa wagonjwa sita mionzi kupita kiasi mno, na baadhi wakafa. Vizuizi vya usalama vilivyokuwa kwenye mashine za awali vilikuwa vimeondolewa, kazi yao ikaachiwa programu. Wagonjwa waliposema wameungua, waliambiwa haiwezekani. Mtu akikujibu hivyo kabla ya kukagua, ogopa.

Ikaja 2017. Karatasi za kura zilichapishwa hapa hapa Dubai, tukagombana juu ya kiwanda hadi koo zikakauka. Lakini tarehe 1 Septemba Mahakama ya Juu ilipobatilisha uchaguzi wa rais, jambo zito lilikuwa jinsi matokeo yalivyotumwa, na Tume kutofungua seva zake kama ilivyoamriwa. Chris Msando, meneja wa teknolojia wa Tume, alikuwa ameuawa siku chache kabla ya kura. Kwa hiyo nikitaja wajibu wa mtaalamu, sisemi kama mtu asiyejua bei yake.

Mwaka 2022 kulikuwa na nafuu. Fomu 34A kutoka vituo 46,229 ziliwekwa wazi kwenye tovuti, na mtu yeyote, hata aliyekaa hapa Marina na simu yake, aliweza kuzijumlisha. Makamishna wanne bado waliyakana matokeo, kesi ikaenda mahakamani, lakini safari hii mgeni asiyeaminiana na Tume alikuwa na kitu cha kukagua. Huo ndio mfumo uliobuniwa vizuri.

Wapo wanaosema dawa ni kuwasajili wataalamu wa kompyuta kama sisi wauguzi. Mswada ulipita Bungeni, Rais Kenyatta akakataa kuutia saini mwaka 2022. Mimi sina haraka nao. Cheti kinaweza kuwa njia nyingine ya kukusanya ada. Ninachotaka kujua kabla ya Agosti 2027 ni nani amejaribu mfumo huu, ambaye si yeye aliyeuunda wala aliyeuuza, na ripoti yake iko wapi.

Na nyinyi vijana wa hifadhidata mliokaa nyuma pale, naomba mnijibu kabla hatujaenda kunywa chai: mkiona kasoro wiki moja kabla ya kura, na mkubwa anasema endeleeni, nani kati yenu ana haki iliyoandikwa ya kukataa kutia sahihi?

Naomba kuwasilisha.