WAZAZI, WALIMU NA DAFTARI LA WADAIWA
Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei na wazazi, Busi



Ndugu zangu wapendwa, viongozi wa jumuiya ndogondogo, makatekista, mama zetu wa WAWATA, walimu wetu, na ninyi majirani zetu Waislamu mlioitikia mwaliko huu: nawashukuru kwa kuacha shughuli zenu na kuja. Tume ya Haki na Amani imenitaka niseme juu ya mkutano wa wazazi na walimu katika shule zetu za msingi. Najua wapo wanaojiuliza, mkutano wa wazazi una uhusiano gani na haki na amani? Tumezoea kuisikia tume hii ikizungumzia migogoro ya ardhi, uchaguzi na rushwa. Lakini kuna dhuluma ambayo haianzii mahakamani wala ofisini. Huanzia chini ya mti wa shule, pale mtu anaposimama na daftari mkononi na kuanza kusoma majina.

Niruhusuni niwasimulie la kwangu. Katika miaka ya 1990, nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi ambayo sitaitaja, baba yangu alihudhuria mkutano wa wazazi. Mwaka ule mvua zilikuwa zimekatika mapema, na ghalani mlikuwa na uwele wa kuhesabia vibaba. Mkutano ulipofunguliwa, kabla ya jambo jingine lolote, yalisomwa majina ya wadaiwa wa michango, na jina la baba lilikuwa la tatu. Watu wachache walicheka, si kwa ubaya nadhani, bali kwa furaha ya kutosikia majina yao wenyewe. Baba hakusema neno. Kesho yake nilirudishwa nyumbani, mama akauza kuku wawili, nami nikarudi darasani. Deni likaisha. Lakini baba yangu hakukanyaga tena mkutano wowote wa shule ile mpaka nilipohitimu darasa la saba. Waliomfahamu walisema hajali elimu. Mtu yuleyule alikuwa akiniamsha alfajiri kila siku ili nisichelewe namba.

Basi, kila ninaposikia viongozi wakilalamika kwamba wazazi hawahudhurii mikutano, namkumbuka yeye. Ndugu zangu, mkutano unaoanza kwa kusoma majina ya wadaiwa huwafukuza walewale ambao ungepaswa kuwasikiliza kwanza. Wanaobaki ni wenye uwezo. Hao hupiga kura, kiwango cha mchango hupitishwa kwa kauli moja, na kauli hiyo moja humwangukia mjane ambaye hakuwapo.

Nitasema kidogo juu ya historia, maana wengine tumechanganyikiwa kuhusu nini ni wajibu na nini ni hiari. Baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, nchi yetu iliazimia kuwapeleka watoto wote shule, na mwaka 1977 elimu ya msingi kwa wote ikawa ndiyo bendera yetu. Hali ya uchumi ilipoharibika katika miaka ya 1980, wazazi wakaanza kutozwa tena. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, na mwaka uliofuata ukaanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, yaani MMEM. Hata hivyo michango iliendelea kuota kama magugu baada ya palizi. Ndipo ukaja Waraka wa Elimu Na. 5 wa mwaka 2015, ulioondoa ada na michango hadi kidato cha nne, na kufuatiwa na Waraka Na. 3 wa mwaka 2016 ulioeleza nani abebe nini. Mzazi alibakiwa na sare, madaftari, matibabu na chakula cha mtoto anayesoma kutwa. Januari 2018 Rais Magufuli alikemea vikali michango ya lazima na kuwakataza walimu wasiishike, na kwa hofu, sehemu nyingine hata uji wa watoto ukakoma. Baadaye wakubwa walifafanua kwamba wazazi wanaotaka kuchangia kwa hiari hawakukatazwa. Kutoka katika historia hiyo yote jambo moja tulishike: mtoto hana deni. Kumrudisha nyumbani mtoto kwa sababu ya mchango wa mzazi ni kumwadhibu asiye na kosa.

Je, shule itaendeshwa kwa nini? Hapa hatuna budi kuwa wakweli, maana si haki kuwatwisha walimu lawama zote. Kiwango cha ruzuku cha shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka kiliwekwa mwaka 2002, na mpango wa mwaka 2016 uliendelea na kiwango kilekile, shilingi 6,000 zikipelekwa shuleni na 4,000 zikiwa za vitabu. Fanyeni hesabu wenyewe. Shilingi 6,000 kwa miezi 12 ni shilingi 500 kwa mtoto kwa mwezi. Shule ya watoto 600 hupata hapo shilingi 300,000 za mwezi mzima kwa chaki, karatasi, mitihani, matengenezo na mengineyo. Kila mwenye duka hapa Busi anajua shilingi elfu kumi ya mwaka 2002 ilinunua nini. Mwalimu mkuu anayewaita wazazi na kuomba msaada si mwizi. Lakini naye awaonyeshe wazazi hizo 300,000 zilikwenda wapi, nao wasimchukie wala asiwachukie wanapouliza. Matumizi yaliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo huondoa minong'ono zaidi ya mahubiri yangu kumi.

Sasa nije kwenye chakula, kwa kuwa hapo ndipo tunapogombana. Shule hufunguliwa siku 194 kwa mwaka. Tukisema kila mtoto ale gramu 100 za mahindi kwa siku, atahitaji kilo 19 na nusu hivi, yaani zaidi kidogo ya debe moja. Si nyingi. Kwa mwenye mtoto mmoja na shamba la bondeni, ni jambo dogo. Lakini mama mwenye watoto wanne shuleni atadaiwa karibu kilo 78, nalo hilo linakaribia gunia. Tunapotangaza kwamba kila mtoto ni debe moja, tunajisifu kwamba tumetenda sawa kwa wote. Ndugu zangu, usawa wa debe si lazima uwe usawa wa mzigo.

Tena tazameni tunadai lini. Mwaka wa shule huanza Januari. Kwetu huku nyanda za kati tuna msimu mmoja wa mvua, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Aprili hivi, na Januari hadi Machi ndiyo miezi ambayo ghala hulia. Mahindi ya mwaka jana yamekwisha, ya mwaka huu yangali mabua. Mama yuko kwenye palizi tangu alfajiri, makorongo yamejaa maji, na ndipo tunapomwita mkutanoni kumdai debe ambalo yeye mwenyewe analitafuta dukani kwa bei ya kuumiza. Kwa nini tusikusanye Juni na Julai, wakati wa mavuno, tukahifadhi vizuri kwa mwaka unaofuata? Kalenda ya serikali hatuwezi kuibadili, ila kalenda ya debe tumeiweka wenyewe.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya sita, tunasoma habari ya manung'uniko yaliyotokea katika Kanisa la mwanzo kabisa. Wajane wa Wayahudi wenye kusema Kigiriki walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa chakula wa kila siku. Angalieni Mitume walifanya nini. Hawakuwakaripia walionung'unika kwamba wanaleta fujo. Waliita mkutano wa wote, wakataka wachaguliwe watu saba wenye sifa njema, wakawakabidhi kazi hiyo. Nao waliochaguliwa, kwa majina yao, wanaonekana kuwa wa upande wa wale waliodhulumiwa. Mimi husema kwamba ile ilikuwa kamati ya chakula ya kwanza ya Kanisa! (Mjane mwingine, yule wa sarafu mbili, naomba tusimtumie ovyo kwenye michango. Bwana Yesu alimsifu aliyetoa kwa moyo wake, hakumpelekea mgambo.)

Wapo Wakatoliki wanaosema kwamba shule ya serikali si yetu tena, tangu Sheria ya Elimu ya mwaka 1969 ilipozifanya shule za misioni kuwa za umma. Fikra hiyo siyo sahihi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake la mwaka 1965 juu ya malezi ya Kikristu, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza, ukawahimiza waamini kuisaidia kazi ya shule hasa kwa njia ya vyama vya wazazi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 796, inawataka wazazi washirikiane kwa karibu na walimu, na walimu wawasikilize wazazi kwa hiari. Mtoto wa Kikristu na mtoto wa Kiislamu wanakalia dawati moja. Mwenye njaa kati yao haulizwi dini.

Hapa mkoani Dodoma tunao utaratibu mzuri wa UWAWA, umoja wa wazazi na walimu, uliokuja kwa nguvu na mpango wa EQUIP-Tanzania kuanzia mwaka 2014, na kuendelezwa na Shule Bora tangu mwaka 2022. Kamati ya shule huiangalia shule nzima, na mwalimu mkuu ndiye katibu wake. UWAWA huanzia darasani: wazazi wa darasa huwa na wawakilishi wao, waume kwa wake, wanaokaa na mwalimu. Thamani yake ni hiyo. Mama asiyethubutu kusimama mbele ya watu mia mbili aweza kumnong'oneza mama mwenzake wa darasa la pili kwamba mume amesafiri, kwamba binti ameacha shule kwa ujauzito. Huyo mwakilishi atamweleza kuwa Waraka Na. 2 wa mwaka 2021 unamruhusu binti kurudi masomoni. Nasikitika kwamba mahali pengine UWAWA imekuwa jina tu la kamati ileile, ikiwa na wanaume walewale.

Basi, Tume inapendekeza mambo haya kwa mkutano ujao. Majina ya wadaiwa yasisomwe hadharani. Mahesabu yasomwe kwanza, kabla ya ombi lolote la mchango. Mkutano usiitishwe wakati wa palizi. Wasiojiweza watambuliwe na watu watatu tu, mwalimu mmoja na wawakilishi wawili wa wazazi, nao wafunge midomo yao. Kwa upande wetu, kila jumuiya itenge debe mbili wakati wa mavuno, zipelekwe ghala la shule bila kuandikwa ni za nani wala kwa ajili ya nani.

Mwalimu mmoja ameniuliza mlangoni, je, wenye uwezo wakijificha nyuma ya maskini? Watajificha wachache. Huyo tumfuate nyumbani kwake, wazazi wenzake wawili, jioni, bila daftari.

Nimesema ya kutosha. Walimu waanze kuuliza, kisha akina mama, halafu sisi wengine.