Siku ya Mwisho Njiani: Mpanda Baiskeli Mbele ya Milima ya Bawshar

Yeyote aliyewahi kusafiri masafa marefu anafahamu kwamba siku ya mwisho haifanani na siku nyinginezo. Mpanda baiskeli aliyeondoka peke yake Sur, mji uliounda majahazi yaliyokuwa yakija Lamu na Zanzibar kwa pepo za kaskazi, huidhani siku hiyo kuwa nyepesi. Amekwisha kuipita Qurayyat, amefika Al Amerat, na kati yake na Maskati imebaki safu moja tu ya milima. Ng'ambo ya safu hiyo ndiko iliko wilaya ya Bawshar, yenye mashamba ya mitende, chemchemi ya maji moto na Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Lakini hatari ya safari nzima huweza kumngojea hapo hapo.

Barabara ya Al Amerat na Bawshar inajulikana sana kwa wapanda baiskeli wa kulipwa, kwani imekuwa ikitumiwa katika mashindano ya Tour of Oman, yaliyoanzishwa mwaka 2010. Mnamo Februari 2013, Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyefunzwa mchezo huo nchini Kenya na David Kinjah, alishinda hatua ya tano iliyomalizikia Bawshar. Kesho yake alitwaa ubingwa wa mashindano hayo, na mwaka 2014 akautwaa tena.

Miaka miwili baada ya ushindi ule wa Bawshar, milima hiyo hiyo ilitoa somo la namna nyingine. Mnamo Februari 2015 dhoruba ya mchanga iliuvuruga mwanzo wa hatua ya tano, na waandaaji wakalazimika kuifupisha. Joto lilikuwa limefika kiasi cha nyuzi 40. Katika miteremko, ringi za magurudumu zilipata moto kwa kubanwa na breki, na matairi yakaanza kupasuka. Waendeshaji walisimama chini ya daraja, kivulini, wakakataa kuendelea. Bingwa wa zamani kutoka Ubelgiji, Eddy Merckx, aliyekuwa miongoni mwa wakuu wa mashindano, hakupendezwa na msimamo wao, na majadiliano yakawa makali. Hatimaye hatua hiyo ilifutwa. Siku iliyofuata mashindano yalimalizika, na Mhispania Rafael Valls akawa mshindi.

Wanaume wale walikuwa na magari ya kuwafuata, madaktari, mafundi na maji ya kutosha. Juu ya yote hayo, walikuwa pamoja: mmoja aliposema inatosha, wenzake walimsikia. Msafiri wa peke yake hana daraja la kukutania na wenziwe. Yeye ndiye mshindani, yeye ndiye daktari, na yeye ndiye mwamuzi.

Tatizo ni kwamba joto humnyang'anya mwamuzi huyo akili yake. Mwili ukishindwa kujipoza, kichwa huuma, kizunguzungu huingia, kisha mawazo huchanganyikiwa. Aliyefikia hali hiyo aghalabu hatambui kwamba yu mgonjwa, na hujiambia kwamba zimebaki kilomita chache tu. Ukaribu wa mwisho humhimiza kusonga mbele wakati ambapo angepaswa kusimama. Kwa sababu hiyo, uamuzi wa kusimama haufai kungoja mlimani. Sharti ufanywe alfajiri, kichwa kikiwa bado kimetulia. Wahenga walisema: tahadhari kabla ya hatari.

La kwanza ni saa. Sheria za Oman huzuia kazi za nje juani kuanzia saa 6:30 hadi saa 9:30 mchana katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Ikiwa mjenzi aliyezoea jua la nchi hiyo hupumzishwa, mgeni mwenye mizigo hana sababu ya kujiona yu hodari zaidi. Na aweke saa mapema: ikimkuta hajaanza kupanda, hapandi. La pili ni maji, ambayo hupimwa kabla ya kuuanza mlima. La tatu ni mteremko. Baiskeli yenye mizigo huhitaji breki zaidi, hivyo inafaa kuzibana kwa vipindi vifupi na kusimama mara kwa mara ili ringi zipoe.

La nne ni mtu wa kumngojea. Maskati ina familia nyingi zinazozungumza Kiswahili, zikiwemo zilizorejea kutoka Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki baada ya mwaka 1970. Akimpigia simu mwenyeji mmoja na kumwambia, "Saa nne nisipofika, nitafute", msafiri huwa amepata lile asilokuwa nalo barabarani: sauti ya pili.

Iwapo saa itampita akiwa bado chini ya mlima, na apakie baiskeli yake kwenye gari, au alale Al Amerat hadi alfajiri. Kilomita alizokwisha kuzimaliza hakuna atakayempokonya. Waendeshaji wa mwaka 2015 hawakuivuka milima ya Bawshar hadi mwisho wa hatua yao, lakini kesho yake waliamka wazima, wakapanda baiskeli zao na kuyamaliza mashindano.