Stakabadhi ya Mizani

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, Ngara na Biharamulo

Mlio na penseli ziwekeni tayari, maana katika somo la leo tutafanya hesabu kidogo.

Mimi ni mtoto wenu wa Ngara. Ninasoma uhasibu mjini Dar es Salaam, katika Chuo cha Usimamizi wa Fedha, kilichoanzishwa mwaka 1972. Uhasibu ni kazi ya kuandika na kuchunguza fedha zinazoingia na zinazotoka. Kila mwaka, likizo ndefu inapofika, wanafunzi hupelekwa makazini wakaone kwa macho yale waliyoyasoma vitabuni. Wenyewe twaita kwenda fildi. Mwaka 2023 mimi nilipelekwa kwa wiki nane katika ofisi ya fedha ya kiwanda kikubwa cha sukari. Nchini mwetu viko viwanda vikubwa vya sukari kadha, kama vile TPC karibu na Moshi, Kilombero na Mtibwa mkoani Morogoro, na Kagera huku kwetu. Jina la kile nilichokwenda sitalitaja, kwa kuwa nitawaeleza habari za watu na fedha zao.

Kwanza tuone kiwanda kinavyofanya kazi. Miwa hukatwa shambani, hupakiwa katika magari, na huletwa kiwandani upesi. Upesi kwa sababu gani? Kwa sababu muwa uliokatwa ukilala siku mbili tatu juani, sukari iliyomo hupungua. Mashine huuponda muwa na kukamua maji yake, maji huchemshwa, na sukari hupatikana. Ili kupata tani moja ya sukari, zinahitajika tani kama kumi za miwa. Makapi yanayobaki hayatupwi: huchomwa ili kuchemsha maji, na mvuke wake huzungusha mitambo na kuleta umeme.

Sasa, fedha huingiaje katika habari hii? Miwa mingine hutoka katika mashamba ya kiwanda chenyewe. Mingine hutoka kwa wakulima wadogo wa vijijini, na hao ni lazima walipwe. Kwa hiyo mbele ya kiwanda ipo mizani kubwa iliyolazwa chini kama sakafu. Gari zima hupanda juu yake likiwa na miwa, likapimwa. Likisha kushusha miwa hurudi, likapimwa tena likiwa tupu. Karani wa mizani huandika stakabadhi, yaani cheti cha kushuhudia kwamba mzigo umepokewa.

Hebu tufanye hesabu hiyo. Andikeni:

Gari na miwa: kilo 18,600
Gari tupu: kilo 7,200
Miwa peke yake: kilo 11,400

Mmeona? Kinacholipwa ni mstari wa tatu. Anayejua kusoma mstari wa kwanza tu atadhani ana kilo 18,600, kisha siku ya malipo atasema ameibiwa, na kumbe hakuibiwa. Na asiyejua kusoma hata mmoja anaweza kuibiwa kweli, wala asijue.

Zaidi ya uzito, kiwanda huangalia pia sukari iliyomo ndani ya miwa. Watu wawili wanaweza kuleta tani sawasawa na kupata malipo mbalimbali, kwa kuwa miwa ya mmoja ina sukari zaidi. Kisha huondolewa gharama za kukata na za gari, kama si mkulima mwenyewe aliyezilipa. Kinachobaki ndicho cha mkulima.

Kazi yangu ilikuwa kuchukua stakabadhi za mizani, moja moja, na kuzilinganisha na leja. Leja ni daftari kubwa la hesabu. Siku hizi imo ndani ya kompyuta, lakini kazi yake ni ile ile. Kila mkulima ana namba yake. Mizigo yote yenye namba hiyo hukusanywa mahali pamoja, na fedha hulipwa kwa namba hiyo.

Mhasibu aliyenifundisha alikuwa mzee wa makamo, mtu wa maneno machache. Alinionyesha jambo moja ambalo ningependa nanyi mlijue. Alisema, "Mwanangu, daftari mbili zikipishana, toa ndogo katika kubwa. Kisha gawanya kwa tisa. Ikigawanyika bila baki, huenda tarakimu mbili zimebadilishana mahali." Tujaribu. Mtu alitakiwa kuandika 5,400 akaandika 4,500. Tofauti yake ni 900. Gawanyeni 900 kwa 9, mtapata 100 kamili. Jaribuni na 72 na 27. Tofauti ni 45, na 45 ukigawanya kwa 9 ni 5 kamili. Ndivyo ilivyo kila mara tarakimu mbili zilizo jirani zinapopishana.

Katika wiki yangu ya tano alikuja ofisini mama mmoja, mkulima wa miwa, mjane. Alisema amepeleka gari nne, naye amelipwa gari tatu. Karani aliyekuwapo alitazama kompyuta akamjibu, "Mama, hapa zipo tatu tu." Yule mama hakupiga kelele. Alifungua kitambaa, ndani yake mkiwa na mfuko wa nailoni, na ndani ya mfuko stakabadhi nne. Akaziweka mezani, akasema, "Mwanangu, mimi sijui kusoma barua. Lakini namba nimefundishwa darasani. Hii ni ya kwanza, hii ya pili, hii ya tatu, na hii ndiyo haikulipwa."

Ile ya nne ilikuwa ya kilo 11,400, kama hesabu tuliyoifanya sasa hivi. Tuseme, kwa mfano wa kujifunzia tu, kwamba tani moja inalipwa shilingi 100,000. Kilo 11,400 ni tani 11 na kilo 400. Basi mzigo huo ni shilingi 1,140,000 kabla ya kuondoa gharama. Kwa mjane mwenye watoto shuleni, hiyo si fedha ya kusamehe.

Nilipewa kazi ya kuitafuta. Namba ya mama huyo ilikuwa 417. Nikakumbuka maneno ya mzee, nikajiuliza: tarakimu zikibadilishana, 417 itakuwa ngapi? Yaweza kuwa 147, au 471. Nikafungua 147, sikuona kitu. Nikafungua 471, nikaukuta mzigo wa kilo 11,400, wa siku ile ile na wa gari lile lile. Aliyeingiza namba alikuwa amepisha 1 na 7. Wala haukuwa wizi: ni kidole kilichoteleza.

Lakini jambo halikwisha hapo, maana fedha ilikuwa imekwisha kulipwa kwa mwenye namba 471. Akaitwa. Alikuwa mtu mwema, akasema, "Mimi niliona fedha imezidi, nikadhani bei imepanda." Akaulizwa stakabadhi zake, akajibu kwamba hakuzitunza. Walipatana kwamba fedha iliyozidi ikatwe katika malipo yake yanayofuata, na mama akalipwa haki yake wiki ile ile.

Siku mbili baadaye alikuja mzee mmoja na malalamiko kama hayo. Yeye alidai gari mbili. Tukamwuliza, "Mzee, stakabadhi ziko wapi?" Akasema alimwachia dereva, na dereva amehamia mahali pengine. Tulitafuta siku tatu, tukageuza tarakimu za namba yake kila namna, hatukuona kitu. Labda miwa yake ilifika, labda haikufika. Hakuna aliyeweza kusema. Mzee aliondoka mikono mitupu, na mpaka namaliza wiki zangu nane habari yake ilikuwa bado imelala mezani. Haki ya mama na haki ya mzee zilitofautiana kwa vipande vya karatasi tu.

Ndugu zangu, mtasema, "Sisi hatuna kiwanda cha sukari." Ni kweli. Lakini Ngara tuna kahawa, na Biharamulo kuna pamba na tumbaku. Mazao hayo hupimwa katika vyama vya ushirika, nako mtu hupewa stakabadhi. Basi shikeni mambo haya manne.

La kwanza, simama karibu na mizani, usome mwenyewe namba inayoonekana.

La pili, kabla hujaondoka, soma stakabadhi. Tazama jina lako, namba yako, tarehe, na uzito. Kama kuna kosa, lisahihishwe pale pale karani akiwa bado anakuona.

La tatu, usimwachie mtu mwingine stakabadhi yako. Iweke pakavu, mbali na panya na moshi.

La nne, uwe na daftari lako nyumbani. Kila mzigo uandike mstari mmoja: tarehe, kilo, na kiasi ulicholipwa. Daftari la shule la mtoto latosha.

Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na wengi wa wazee wetu waliingia darasani kuanzia siku hizo. Wako waliouliza, mtu mzima ajifunze namba za nini? Waelezeni habari za namba 417.

Kwaherini, na mwalimu wenu sasa ataendelea na maswali.

MASWALI YA DARASA

1. Gari na mzigo ni kilo 16,300. Gari tupu ni kilo 6,900. Mzigo peke yake ni kilo ngapi?

2. Karani aliandika 3,600 mahali pa 6,300. Tofauti ni ngapi? Je, inagawanyika kwa 9 bila baki?

3. Kwa nini mama alilipwa, na mzee hakulipwa?

4. Leteni darasani stakabadhi moja ya mazao au ya duka. Mwonyeshe jirani yako tarehe, uzito au bei, na jumla.

MANENO YA KUANDIKA MARA TATU

stakabadhi, mizani, leja, mhasibu, tarakimu