Jina la Tovuti Linalosomeka Kama Neno

Msikilizaji, yapo majina ya tovuti yanayokamilisha neno kwa herufi za mwisho zinazotambulisha nchi. Youtu.be imeazima herufi za Ubelgiji, bit.ly, za Libya.

Je, ukilinunua jina la namna hiyo, litauzika? Lipime kwa sikio: mtajie jirani, kisha mwombe aliandike. Akiuliza nukta ikae wapi, bei imeshuka. Hata tovuti ya del.icio.us ilihamia delicious.com mwaka 2008.

Chunguza pia ada ya kila mwaka na masharti ya nchi yenye herufi hizo. Mwaka 2010, Libya ililifuta jina la tovuti vb.ly.

Na kumbuka: bei anayotaja muuzaji si thamani, thamani ni anachotoa mnunuzi. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.