Posho ya Mtu Mmoja

Ndugu msikilizaji, Arusha ni mji wa mikutano. Kituo cha AICC kipo tangu mwaka 1978, na sehemu zake tatu zinaitwa Kilimanjaro, Serengeti na Ngorongoro. Mgeni wa semina huyasoma majina hayo siku ya kwanza. Siku ya mwisho hutafuta gari akatembee. Hana kosa. Kazi imekwisha, na wahenga walisema tembea uone.

Lakini mwangalie akifika Momella, katika Hifadhi ya Taifa ya Arusha. Heroe wako ziwani, twiga anavuka njia, na Mlima Meru wenye mita 4,566 umesimama nyuma. Anageuka amwonyeshe mtu. Hakuna mtu. Mkewe na watoto wako mbali, maana posho ilikuwa ya mtu mmoja.

Nasi tukitumwa Geneva ni yale yale. Tunapiga picha kando ya ziwa, tunarudi na chokoleti. Chokoleti huisha siku moja, ilhali mama aliyebaki amebeba kazi za watu wawili muda wote.

Basi, ndugu msikilizaji, hifadhi hii ipo mlangoni petu tangu mwaka 1960, na kiingilio cha Mtanzania ni nafuu kuliko cha mgeni. Hata hivyo wapo watoto wa Ngarenaro wanaouona Meru kila asubuhi, lakini twiga wanamjua kwa picha tu. Posho ikibaki, safari ya kwanza iwe ya waliobaki nyumbani. Kizuri kula na nduguyo.