Hati ya Kiwanja si Ruhusa ya Kujenga

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka wa Chama)



Kamati imenitaka niseme nanyi juu ya kazi ya ofisi ya mipango ya ardhi, ambako mimi ni karani, na hufuatana na maofisa wakaguzi wanapozunguka Kitengela, Isinya na Kajiado. Najua kwamba kazi hii haipendwi. Gari letu lisimamapo mbele ya kiwanja, fundi huteremka ngazi, na mwenye nyumba hutafuta simu ili ampigie mkubwa fulani. Sikuja kuomba tupendwe. Nimekuja kueleza kazi ilivyo, maana wengi katika chama hiki wamekwisha kununua viwanja, na wengine wajiandaa kujenga kwa fedha za kustaafu, ambazo mtu huzipata mara moja tu maishani.

Kwanza yatupasa kukumbuka ardhi hii ilikuwaje. Sehemu kubwa ya Kitengela ilikuwa ranchi ya jumuiya, mali ya wafugaji wa Kimaasai kwa pamoja, hata mwaka 1988 ilipogawanywa na kila mwanachama akapata shamba lake. Kisha, baada ya sheria ya mwaka 1990 iliyoanzisha maeneo ya viwanda vya bidhaa za kuuzwa ng'ambo, viwanda vilijengwa hapo jirani, Athi River, na wafanyakazi wakahitaji mahali pa kulala. Mashamba yakakatwa vipande, na vipande vikakatwa tena. Katika hesabu ya watu ya mwaka 2009 mji wa Kitengela ulikuwa na watu 58,167. Katika ile ya mwaka 2019 walikuwa 154,436. Basi katika miaka 10 mji ulizidi maradufu, lakini mito haikuongezeka, wala barabara hazikupanuka zenyewe.

Wala ardhi hii haikuwa tupu. Mbuga ya Wanyama ya Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1946, iliachwa wazi upande wa kusini ili nyumbu na punda milia wapite kwenda malishoni katika nyanda za Kaputiei. Mwaka 2000 ulianzishwa mpango ambao wafugaji walilipwa dola 4 za Marekani kwa kila ekari kwa mwaka, ili wasizungushe ua, wasiuze vipande, wala wasiwadhuru wanyama. Na malipo yalipangwa yapatikane wakati wa karo za shule. Baadaye, katika siku za Baraza la Olkejuado, ulitungwa mpango wa Kitengela, Isinya na Kipeto kwa ajili ya miaka 2006 hadi 2026, uliokusudia kutenga mahali pa mji na mahali pa malisho. Nayataja haya ili mjue kwamba mistari iliyo katika ramani zetu haikuchorwa ili kumwudhi mjenzi. Kila mstari una mtu nyuma yake: mfugaji ambaye ng'ombe wake hawana njia ya kufika majini wakati wa kiangazi, au mtoto avukaye barabara kwenda shule.

Sasa nije kwenye sheria. Katiba ya mwaka 2010 ilizipa kaunti kazi ya kupanga maendeleo katika maeneo yao, na Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi, Namba 13 ya mwaka 2019, yasema kwamba mtu asianze ujenzi pasipo ruhusa ya kaunti. Hapa ndipo wengi wetu hukosea. Mtu hupokea hati ya kumiliki, huibusu, huifungia sandukuni, na siku ya pili huita fundi kuchimba msingi. Lakini hati yasema kiwanja ni cha nani. Haisemi kijengwe nini, wala umbali gani kutoka mpakani. Hayo husemwa na ruhusa. Na kama shamba lilisajiliwa kuwa la kilimo, sharti idhini ya Bodi ya Ardhi ipatikane kabla ya kuligawanya au kuliuza, na sharti matumizi yake yabadilishwe kabla ya kujenga nyumba za kupangisha.

Niwape mfano wa mzee mmoja, ambaye jina lake halihitajiki. Alinunua kiwanja cha futi 50 kwa 100 kupitia kwa dalali, na hati aliyopewa ilikuwa halali kabisa. Akajenga vyumba 6 vya kupangisha. Maofisa walipofika aliinyosha hati yake juu, mbele ya majirani wote, akauliza kosa lake ni nini. Walipopima kutoka jiwe la mpaka, vyumba 2 vilikuwa vimesimama juu ya hifadhi ya barabara, na shimo la choo lilikuwa limechimbwa karibu mno na kisima cha jirani. Vyumba vile 2 alivibomoa kwa mkono wake mwenyewe. Vyumba 4 vilibaki, baada ya kuhamisha shimo na kupeleka michoro ikakubaliwa. Fedha za vyumba 2 hazikurudi, na dalali hakuonekana tena.

Wengi hudhani kwamba mkaguzi aweza kuja asubuhi na tingatinga kwa kupenda kwake. Sivyo. Sheria yataka kwanza ilani iliyoandikwa, inayotaja kosa na jambo litakiwalo kufanywa. Aliyepewa ilani, akiona ameonewa, ana siku 14 za kukata rufani mbele ya Kamati ya Upatanisho ya Mipango ya Kaunti, nayo yapaswa kuamua katika siku 30; na asiporidhika aweza kwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Lakini akiipuuza ilani na kupatikana na hatia, aweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi 2, au vyote viwili. Kwa hiyo nawasihi: msiichane ilani. Karatasi ile ndiyo ngao yenu. Isomeni, hesabuni siku, kisha jibuni kwa maandishi.

Na ile alama ya X nyekundu mwaiogopa kama ukoma. Lakini kumbukeni Huruma, Nairobi, ambako usiku wa 29 Aprili 2016, baada ya mvua kubwa, jengo la wapangaji lililosimama karibu na mto liliporomoka, wakafa watu zaidi ya 40. Jengo lile lilikuwa limekwisha kutajwa kuwa lafaa kubomolewa. Watu wakaendelea kulala humo. Na katika mafuriko ya mwaka 2024 sisi wenyewe tuliona jinsi maji yanavyodai njia yake hapa kwetu. Kanuni zataka ukingo wa mto uachwe wazi, si chini ya mita 6 wala si zaidi ya mita 30. Mto hausomi hati ya mtu.

Mwisho, nina neno kwa ndugu zangu wa chama, nami nalisema mchana mbele ya wazee ili lisiwe fumbo. Wako wanaonijia jioni, msingi ukiwa umekwisha kumwagwa zege, wakaniambia, "Wewe ni mtoto wetu; lifiche faili hilo." Siwezi. Nikilificha la mjomba, nitampelekeaje ilani mjane asiye na mjomba ofisini? Bali mkinijia asubuhi, kabla hamjatoa shilingi moja, nitawaonyesha ramani, nitawaeleza fomu zinazotakiwa, na nitawaelekeza kwa mpimaji na msanifu wa majengo waliosajiliwa. Undugu wangu utafaa hapo.

Kwa hiyo naomba Kamati ifikirie azimio hili: kwamba mkopo wa chama kwa ajili ya ujenzi usitolewe mpaka nakala ya ruhusa iwe imewekwa katika jalada la mwanachama, pamoja na nakala ya hati na ramani ya mipaka. Wako watakaosema kwamba jambo hili litachelewesha watu. Naam, litawachelewesha wiki kadhaa. Lakini nimekwisha kuona mtu akibomoa kazi ya miaka 20 kwa siku moja. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

Ofisi hufunguliwa saa 2 asubuhi.